Jeki wa Ukanda wa Shaba: Sinema za Kauboi na Watazamaji Wake, Kutoka Migodini Hadi Ziwa Mweru

Utangulizi

Historia ya sinema katika Afrika aghalabu huandikwa kwa kuwatazama waliozitengeneza au waliozileta. Twasoma habari za serikali za kikoloni, za wamisionari, za makampuni ya migodi, na za wafanyabiashara wenye majumba ya sinema. Mtazamaji mwenyewe, yule aliyeketi chini usiku akikodolea macho kitambaa cheupe, hutajwa kwa sentensi moja mbili, na mara nyingi hutajwa kama mtu wa kusikitikiwa au wa kuchekwa. Katika makala haya nakusudia kuanza na mtazamaji huyo. Nitaeleza kisa cha filamu duni za kauboi kutoka Marekani, filamu ambazo huko zilikotoka zimekwisha kusahauliwa na watu wengi, lakini ambazo katika miaka ya 1940 na 1950 zilipata mashabiki wakubwa sana katika Rodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Nitauliza watazamaji hao walifanya nini na filamu hizo, na jambo hilo lina funzo gani kwa sisi tunaofundisha lugha.

Mahali na watu wake

Nchelenge ni mji ulio katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, katika Mkoa wa Luapula. Jirani yake ni Kashikishi, penye soko mashuhuri la samaki. Kutoka hapo mashua huenda visiwani, Chisenga na Kilwa. Na jina hili la Kilwa, ambalo msomaji wa pwani ataligutukia, lipo pia ng'ambo ya pili, upande wa Kongo. Ziwa limegawanywa kwa mpaka uliowekwa na Waingereza na Wabeljiji mwaka 1894, lakini samaki, jamaa na maneno havikuwahi kuutii sana mpaka huo.

Wenyeji wa ufuko wa mashariki husema Kibemba na lugha zilizo karibu nacho. Hata hivyo Kiswahili si mgeni kabisa katika pande hizi. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alipigana na Nsama katika nchi ya Itabwa, iliyo kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika, na habari hizo akazisimulia mwenyewe katika maisha yake, kitabu ambacho ni miongoni mwa maandishi ya kwanza ya nathari ya Kiswahili. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, David Livingstone alilifikia Ziwa Mweru. Baadaye, kampuni ya Union Minière ilipokuwa ikichimba shaba huko Katanga, Kiswahili kilifanywa lugha ya kazi migodini, na watu wengi wa Luapula waliovuka kwenda Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, walirudi wakikijua.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilifunguliwa migodi mikubwa upande wa Rodesia ya Kaskazini: Luanshya, Nkana, Mufulira na mingineyo. Ndipo Ukanda wa Shaba ulipowavuta vijana wa Luapula kwa wingi. Samaki wa Mweru walipakiwa kwenda kuwalisha wachimbaji wa pande zote mbili za mpaka, na malori yaliyotoka Luapula yalikatiza mkono wa ardhi ya Kongo unaoingia ndani ya Zambia ili kufika Mufulira. Kwa hiyo yafaa tuelewe kwamba kijiji cha wavuvi na mji wa wachimbaji vilikuwa kama nyumba moja yenye vyumba viwili. Mtu aliyerudi Nchelenge baada ya mkataba wake hakurudi na baiskeli na nguo peke yake. Alirudi na nyimbo, mitindo, matusi, misemo na hadithi za mambo aliyoyaona. Na miongoni mwa mambo aliyoyaona ni sinema.

Sinema za kumfunza Mwafrika

Kabla ya kumfikia kauboi, ni lazima tutaje filamu za namna nyingine, zile ambazo wakubwa walitaka Mwafrika azipende.

Mwaka 1933 kilitolewa kitabu cha uchunguzi ulioongozwa na J. Merle Davis, kwa niaba ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kuhusu matokeo ya migodi ya shaba katika maisha ya Waafrika. Moja ya fikra zilizotokana na kazi hiyo ni kwamba sinema ingeweza kuwasaidia watu wa vijijini kuzoea mambo ya ulimwengu mpya. Basi mwezi Machi 1935 likaanzishwa jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa msaada wa fedha za Carnegie Corporation ya New York. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Wakuu wake walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham, na huyu Latham alikuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika katika Rodesia ya Kaskazini. Hivyo uzi ulitoka katika migodi ya shaba, ukafika Usambara, kisha ukarudi: filamu zilizotengenezwa Vugiri zilipakiwa katika lori na kuonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini.

Katika muda wa miaka miwili zilitengenezwa filamu 35. Zilikuwa fupi, hazikuwa na sauti ndani yake, na maelezo yalitolewa kwa sahani za santuri au kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi zilizopitiwa. Ziliwafunza watu habari za safura, kilimo bora, mmomonyoko wa ardhi, kodi, na faida ya kuweka fedha katika benki ya posta. Mwaka 1937 jaribio lilikwisha kwa sababu serikali hazikukubali kuendelea kuligharimia. Kati ya filamu hizo zote, ni chache mno zilizosalia katika hifadhi ya filamu huko London.

Mwaka 1939 Uingereza ikaunda Colonial Film Unit chini ya William Sellers, na mwaka 1948 kikaanzishwa kitengo kama hicho, Central African Film Unit, kwa ajili ya Rodesia zote mbili na Nyasaland, ambacho kilidumu mpaka Shirikisho lilipovunjika mwaka 1963. Vitengo hivi vyote vilijengwa juu ya imani moja. Sellers na wenzake walishikilia kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata filamu ya kawaida. Kwake picha ziende polepole, kamera isirukeruke, vitu visionyeshwe kwa karibu mno vikaonekana vikubwa kupita kiasi, hadithi ifuate mstari mmoja bila kukatizwa. Imani hii ilihesabiwa kuwa elimu, ikaandikwa katika majarida, na watengenezaji filamu wakaagizwa kuifuata.

Huyo Jeki

Wakati hayo yakiandikwa, usiku katika viwanja vya makampuni ya migodi mambo yalikuwa mengine. Makampuni yalikuwa yakiwaonyesha wafanyakazi na jamaa zao sinema katika uwanja wa wazi, kama sehemu ya ustawi wa kambi. Onyesho lilichanganya habari za dunia, filamu ya mafunzo, vichekesho, na kisha kauboi. Hapana aliyekuwa na shaka ni kipi umati ulichokifuata.

Filamu hizo za kauboi hazikuwa zile bora za Hollywood. Zilikuwa za daraja la pili, zilizotengenezwa kwa haraka na kwa fedha kidogo katika miaka ya 1930 na 1940, za namna ile waliyocheza akina Gene Autry na Roy Rogers. Huko Marekani zilikusudiwa kujaza nusu ya pili ya onyesho. Zilipowasili Rodesia ya Kaskazini zilikuwa zimechakaa, na juu ya hayo zilipitia mikononi mwa wakaguzi. Serikali ilikuwa na bodi ya ukaguzi iliyotenga filamu zinazoruhusiwa kwa Wazungu na zile zinazoruhusiwa kwa Waafrika, na kilichoonekana kuwa cha hatari kwa Mwafrika kukiona kilikatwa au filamu nzima ikazuiwa. Mara nyingi basi hadithi ilifika ikiwa vipande vipande: ugomvi umeanza, mara umekwisha, na mtazamaji hakuonyeshwa sababu.

Wala lugha haikuwasaidia wengi. Kiingereza cha Kimarekani, kilichosemwa kwa kasi kutoka katika mashine mbovu, kilikuwa kelele tu kwa sehemu kubwa ya umati. Hata hivyo watu walifurika. Walipiga kelele, walimwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma yake, walisimama na kuigiza ngumi, walimcheka mwoga. Shujaa wa kila filamu, hata awe nani na jina lake liwe lipi, walimwita jina moja: Jeki, au Jeke, litokanalo na Jack. Watoto katika mitaa ya kambi walijitengenezea kofia na mavazi ya karatasi na bastola za mbao, wakapigana vita vya mchezo huku wakiita jina hilo. Vijana wakubwa nao walivaa kofia pana na kufunga vitambaa shingoni.

Shahidi mmoja wa mambo haya anastahili kutajwa. Hortense Powdermaker, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Marekani, alikaa Luanshya mwaka 1953 na 1954, na kitabu chake kuhusu mji huo kilitoka mwaka 1962 kwa jina la Copper Town. Mama huyu alikuwa amekwisha kuandika kitabu kuhusu Hollywood yenyewe, kilichotoka mwaka 1950. Kwa hiyo aliwachunguza kwanza waliotengeneza ndoto hizo, kisha akaenda kuketi pamoja na waliozitazama, maelfu ya maili kutoka hapo. Alikuta katika umati mmoja wapo walioyachukua yanayoonekana kuwa mambo yaliyotokea kweli, na wapo waliojua kabisa kwamba ni maigizo. Na wote wawili walibishana. Mabishano hayo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Watu wanaobishana juu ya ukweli wa hadithi wamekwisha kuwa wahakiki.

Kuku na kauboi

Kipo kisa kimoja kilichoenea sana katika vitabu vya wataalamu wa mawasiliano. John Wilson, aliyepata kushiriki katika kazi ya filamu za kikoloni, alisimulia kwamba filamu ya usafi, iliyotengenezwa polepole kwa kufuata kanuni zote, ilionyeshwa katika kijiji kimoja cha Kiafrika. Ilimwonyesha mkaguzi wa afya akiondoa maji yaliyotuama. Watazamaji walipoulizwa wameona nini, walijibu wameona kuku. Watengenezaji walistaajabu, kwa kuwa hawakujua kwamba mna kuku. Walipoichunguza filamu yao picha kwa picha, wakamkuta kweli, amepita pembeni kwa kitambo kidogo tu. Marshall McLuhan alikitia kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1962, na tangu hapo kimerudiwa mara nyingi kuwa ushahidi kwamba mtu asiyejua kusoma hawezi kuiona picha nzima.

Nawaomba walimu wenzangu wakiweke kisa hicho cha kuku kando ya kisa cha Jeki, wavipime pamoja. Filamu ya kuku ilitengenezwa polepole kwa makusudi, ikaambatana na maelezo, na haikukumbukwa. Filamu ya kauboi ilikwenda mbio kama farasi wake, ikarukaruka, ikaonyesha nyuso kwa karibu, ikakatwakatwa na wakaguzi, ikasema lugha ya kigeni. Na watu wa daraja lile lile la elimu waliifuata, wakaipenda, wakaijadili. Ikiwa macho ya Mwafrika yalishindwa kufuata filamu ya mafunzo, yalipataje kuifuata ile ya kauboi iliyo ngumu mara kumi?

Jibu ni kwamba macho hayakuwa na kasoro. Kilichopungua ni haja ya kutazama. Mfugaji amwonaye kuku kijijini mwake ameona kitu anachokijua thamani yake. Mkaguzi wa afya na makopo yake ni mtu aliyemzoea kwa amri na faini. Kwa upande mwingine, kauboi alileta jambo ambalo kila msimulizi wa ngano alilijua tangu zamani: mtu mmoja, mwenye akili na mkono mwepesi, anasimama mbele ya wenye nguvu wasio na haki, na anashinda. Mtu aliyelala kambini, aliyepangiwa saa ya kuamka na kiasi cha posho, hakuhitaji kufafanuliwa maana ya hadithi hiyo.

Hapa ndipo penye uzito wa suala letu. Nadharia ya kwamba Mwafrika hawezi kuelewa picha haikuwa kosa la kitaalamu tu. Ilitumika kuhalalisha ukaguzi wa rangi, na kuwanyima watu hadithi zilizo kamili. Na waliokuwa na mamlaka walisema mambo mawili yasiyopatana kwa wakati mmoja: kwamba Mwafrika haielewi sinema, na kwamba sinema itamfunza ujambazi. Asiyeielewa atafunzwaje?

Hali hii haikuwa mpya. Ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Waswahili, Lamu na Mombasa, ilisafiri na askari na vibarua hadi ikafika migodini, ambako iliitwa mbeni. Wakubwa waliicheka kuwa uigaji wa bendi na vyeo vya Wazungu. Mwezi Mei 1935, wachimbaji wa Mufulira, Nkana na Luanshya walipogoma kwa sababu ya kodi, na watu sita wakauawa kwa risasi huko Luanshya, tume ya uchunguzi ilikuta kwamba vyama vya mbeni vilikuwa na sehemu katika kueneza habari za mgomo. Kilichoitwa uigaji kilikuwa kimekwisha kupewa kazi nyingine na wenyewe.

Jina na lugha

Kwa mwalimu wa lugha, jina Jeki lenyewe ni somo. Jina la mtu mmoja limegeuka kuwa jina la cheo. Ukisema Jeki, humtaji mchezaji fulani. Wataja nafasi yake katika hadithi. Sisi wa Kiswahili tumefanya vivyo hivyo kwa njia tofauti. Neno letu steringi, kwa maana ya shujaa wa filamu, husemwa kuwa limetokana na neno la Kiingereza lililoandikwa katika matangazo ya sinema mbele ya majina ya wachezaji. Neno lisilokuwa jina la mtu tukalifanya mtu, tukampa na sifa: steringi hafi. Katika maneno hayo mawili ya mtaani mna uhakiki mzima wa ujenzi wa hadithi za Hollywood na Bombay.

Huko Léopoldville, leo Kinshasa, vijana wa miaka ya 1950 walijiita Bill, kwa kumfuata Buffalo Bill, ambaye filamu iliyobeba jina lake, iliyoongozwa na William Wellman, ilitoka mwaka 1944. Nao walijitungia lugha yao ya vijana iliyochanganya Kilingala, Kifaransa na maneno mengine, ikaitwa indubil. Zanzibar na Dar es Salaam, pamoja na kauboi, mapenzi makubwa yalikwenda kwa filamu za Kihindi kama Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, na waliokuwa hawajui Kihindi waliweza kuimba nyimbo zake. Kote huko twaona jambo moja: pale ambapo lugha ya filamu haikueleweka, watazamaji hawakunyamaza. Waliijaza nafasi iliyoachwa wazi kwa lugha yao wenyewe.

Tabia hiyo haijafa. Katika vibanda vya video vya Kampala, Dar es Salaam na Nairobi walitokea wasimulizi wanaoitafsiri filamu ya kigeni papo hapo, wakiongeza mizaha, methali na majina ya mitaa. Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipata sifa nchini Tanzania kwa kazi hiyo, na DJ Afro huko Kenya. Kazi zao si tafsiri kwa maana ya chuoni, lakini ni usimulizi wa kweli, na mwanafunzi wa fasihi simulizi angefaidika kuzichunguza. Mzazi wao ni yule mtu asiyejulikana jina katika uwanja wa Luanshya, aliyepaza sauti gizani kumwambia Jeki ageuke.

Hitimisho

Tukirudi ufukoni Mweru, twaweza sasa kuelewa namna sinema ilivyofika mbali kuliko mashine yake. Pahali pasipokuwa na jumba la sinema palikuwa na watu waliokwisha kuiona mjini, na usimulizi wao ndio uliokuwa onyesho la pili. Hadithi ya Jeki iliyosimuliwa kwa Kibemba kando ya nyavu zinazokauka haikuwa tena mali ya Hollywood.

Yatufaa walimu kuchukua mambo matatu. La kwanza, tusimdhanie mwanafunzi kuwa chombo kitupu. Akishindwa na somo, tuchunguze kwanza kama somo limempa sababu ya kulitazama. La pili, maneno ya sinema, kama steringi na Jeki, yaingie katika masomo yetu ya msamiati na etimolojia, maana yamebeba historia ambayo haimo katika nyaraka za serikali. La tatu, zoezi hili ni rahisi na halina gharama: waonyesheni wanafunzi filamu fupi bila sauti, kisha kila mmoja aisimulie kwa Kiswahili. Mtapata hadithi nyingi kadiri ya idadi ya wanafunzi, na mtapata mahali pa kuanzia mazungumzo juu ya msimulizi na anayesimuliwa.

Na kuna kazi moja isiyoweza kungoja. Mtu aliyekuwa mtoto wa miaka kumi mwaka 1955, akikimbia mitaani na bastola ya mbao, sasa ni mzee sana. Wako wazee wa namna hiyo Luapula, Katanga, Tabora, Mombasa na Unguja. Walimu na wanafunzi wao wawaendee wakiwa na daftari, wawaulize waliona filamu gani, walimwitaje shujaa, na walibishana juu ya nini. Filamu nyingi za Vugiri zimepotea na hazitarudi. Kumbukumbu za watazamaji bado zipo, lakini zinapungua kila mwaka.